Kumtoa mzee kwenye hema: mwongozo kamili wa kubadilisha mandhari ya nyuma ya picha kwa GIMP

Jumatano moja, saa nne asubuhi, mama mmoja kutoka upande wa Seme aliingia kibandani kwangu hapa Kisumu, akafungua simu na kunionyesha picha ya baba yake. Mzee amesimama harusini, suti ya kijivu, nyuma yake hema jeupe na viti vya plastiki vya buluu, na bega la mtu mwingine limejipenyeza upande wa kushoto. Mazishi ni Jumamosi. "Fundi, nitolee hilo hema. Mwekee ziwa. Mzee alikuwa mvuvi."

Kazi za namna hii ndizo zinazonilipia kodi ya kibanda. Wako wa mahafali, wako wa harusi, lakini wengi ni wa kijitabu cha mazishi, na hao huwa hawana wiki mbili za kusubiri. Nitaifuata kazi ya huyo mzee tangu mwanzo hadi kwenye karatasi, pamoja na pale nilipoiharibu, kwa sababu pale ndipo wengi wanapoharibu.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaisakinisha, na haiikatai laptopu ya zamani. Mwenye Photoshop atakuta mambo haya karibu yote kwa majina yanayofanana. Asiyeweza kusakinisha chochote afungue Photopea ndani ya kivinjari. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usiyatafute bure.

Kwanza, ipate picha yenyewe

Picha aliyokuja nayo mama ilikuwa imetumwa WhatsApp kutoka kundi la familia hadi kundi jingine. WhatsApp huibana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na iliyohifadhiwa na kutumwa upya mara kadhaa huwa imebaki uji. Niliipima: uso wa mzee, kidevu hadi utosi, haukufika pikseli 400. Ukurasa wa A5, ambao ndio ukubwa wa vijitabu vingi, ukichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi unahitaji 1748 kwa 2480. Hebu fikiria uso wa pikseli 400 ukivutwa ujaze jalada.

Nikamwomba ampigie aliyepiga picha. Akawa ni mpwa wake, bado anayo kwenye simu. Nikamwambia aitume kama hati, yaani abonyeze ile alama ya kuambatisha, achague "Document", kisha aitafute picha humo. Ikaja uso ukiwa na pikseli 900 na zaidi. Simu ya dakika mbili iliniokolea saa nzima ya kuhangaika na kingo zilizochakaa. Usianze kukata kabla ya kuuliza picha ya asili iko kwa nani.

Soma nuru kabla ya kutafuta ziwa

Mteja hutaja mandhari. Mandhari inayowezekana huamuliwa na nuru iliyo usoni. Kuza uso uangalie vitu viwili: kivuli cha pua kimeangukia upande gani, na ule mng'ao mdogo ndani ya mboni uko wapi. Mzee alikuwa chini ya hema jeupe. Hema la aina hiyo hutawanya jua, kwa hiyo pua haikuwa na kivuli cha maana na mng'ao wa macho ulikuwa mpana, umefifia.

Mama alitaka jua linalozama, ile picha kila mtu anaipiga Hippo Point jioni. Nilimkatalia kwa upole. Jua likiwa nyuma ya mtu, uso wake huwa gizani na ukingo wa mabega hung'aa rangi ya chungwa. Mzee wa kwenye hema, mwenye nuru laini usoni, ukimsimamisha mbele ya jua hilo atafanana na kibandiko kilichobandikwa kwenye kalenda. Mtazamaji hatajua kosa ni nini, lakini atajua lipo.

Huku kwetu karibu na ikweta kuna tatizo jingine: jua la saa sita mchana husimama utosini. Picha za saa hizo zina vivuli vyeusi kwenye matundu ya macho na chini ya kidevu. Mtu wa namna hiyo mtafutie mandhari ya mchana mkali, uwanja au ukuta uliochomwa na jua. Ukungu wa asubuhi haumfai.

Nilichagua picha ya ziwa niliyoipiga mwenyewe Dunga, saa moja asubuhi, siku ya mawingu. Nina folda nzima ya mandhari za aina hiyo: ziwa, kuta, ua wa bogenvilia, mawe ya Kit Mikayi. Ukienda kutembea, piga. Za kuokota intaneti zina wenyewe, na nyingi ni ndogo.

Jambo la mwisho kabla ya kukata ni mstari wa upeo, pale maji yanapokutana na anga. Mstari huo hukaa sawa na kimo cha kamera. Kama mpigaji alisimama akaelekeza kamera usawa wa macho ya mzee, upeo wa ziwa lazima upite usawa wa macho ya mzee. Wengi huushusha hadi kifuani kwa sababu mstari unaopita kichwani hauwapendezi, na matokeo yake mtu huonekana jitu lililosimama kando ya dimbwi. Acha upeo mahali pake, kisha uufifishe kwa ukungu, tutafika hapo.

Kupanga leya

Fungua picha ya mzee. Kwenye orodha ya leya, yaani matabaka ya picha yanayolala moja juu ya jingine, bonyeza leya kwa kitufe cha kulia na uchague "Add Alpha Channel", bila hivyo hakuna uwazi. Irudufishe kwa Shift+Ctrl+D, kisha ile ya chini izime kwa kubonyeza alama ya jicho. Hiyo ni akiba, usiiguse kamwe. Halafu "File", "Open as Layers", chagua ziwa, uliburute likae chini ya mzee.

Ziwa likiwa kubwa kuliko picha ya mtu, punguza ziwa. Usimkuze mtu ili alifikie ziwa.

Hifadhi sasa hivi kwa Ctrl+S, faili ya XCF, ile ya GIMP yenyewe inayotunza leya zote. Na kila baada ya dakika chache, tena. Mvua za alasiri zikianza hapa mjini, stima haikuagi.

Kukata suti na mabega

Kwa nguo, masikio na uso tumia kalamu ya njia, herufi B kwenye kibodi. Kuza hadi 200%. Bonyeza nukta ya kwanza begani, nyingine mbele kidogo, na pale penye mviringo bonyeza huku ukivuta ili mstari ujikunje. Nukta chache zilizowekwa mahali pake hutoa mstari laini kuliko nukta mia. Pita pikseli moja au mbili ndani ya ukingo, si juu yake, kwa sababu ukingo wenyewe umeshachanganyika na weupe wa hema. Kwenye nywele usijisumbue: pita kwa mbali, uache nafasi, tutarudi.

Ukirudi kwenye nukta ya kwanza, shika Ctrl ubonyeze juu yake ili njia ifunge, kisha Enter. Njia inageuka eneo lililochaguliwa. Nenda "Select", "Feather", weka pikseli 1 au 2, ili ukingo usiwe mkali kama wa wembe. Sasa bonyeza leya ya mzee kwa kitufe cha kulia, "Add Layer Mask", uchague "Selection". Hema limepotea.

Halijafutwa, limefichwa. Maski ni karatasi iliyolala juu ya leya: palipo peupe panaonekana, palipo peusi pamefichwa, pa kijivu panaonekana nusu. Ukikosea, paka rangi ya pili. Herufi X hubadilishana nyeusi na nyeupe, na utaibonyeza mpaka ifutike. Hakikisha umebonyeza kijipicha cha maski kabla ya kupaka, la sivyo utampaka mzee lami usoni. Nimewahi.

Kifutio usikitumie. Kilichofutwa leo utakihitaji kesho.

Sasa weka leya mpya ya rangi nyekundu kali kati ya mzee na ziwa. Ni ya muda. Juu ya wekundu kila uchafu unajitokeza: kipande cha kiti cha buluu chini ya kwapa, mstari mweupe kwenye kola, pembetatu ya hema iliyobaki kati ya mkono na kiuno. Wanaovaa hereni za duara, kumbuka tundu la katikati. Waliosuka, kumbuka nafasi kati ya msuko na msuko. Miwani ndiyo mtego mkubwa: pembeni mwa kioo huonekana mandhari ya zamani iliyopindwa na lenzi. Hapo usikate. Paka maski kijivu, ziwa lipenye kidogo, kioo kibaki kioo.

Ule mstari mweupe wa kola una dawa rahisi. Bonyeza kijipicha cha leya yenyewe, si maski, chukua muhuri wa kunakili, herufi C, shika Ctrl ubonyeze kitambaa pikseli chache ndani, kisha pitisha juu ya mstari. Maski inalinda umbo, wewe unabadilisha rangi tu.

Nywele, na namna nilivyomnyoa mzee mvi

Hapa ndipo kazi inapojulikana ni ya fundi au ya haraka.

Wiki iliyotangulia nilikuwa na binti wa mahafali kutoka Maseno, nywele zake za asili amezifumua zikawa wingu, nyuma yake ukuta mweupe. Nywele nyeusi juu ya weupe ni zawadi. Unafanya hivi. Rudufisha ile leya ya akiba, iwashe jicho lake, ipandishe ikae chini kidogo ya leya iliyokatwa, juu ya mandhari mpya, na uibadilishe hali yake ("Mode", juu ya orodha ya leya) iwe "Multiply". Katika hali hiyo chochote cheupe hupotea na chochote cheusi hubaki. Ukuta ukiwa na ukijivu kidogo, nenda "Colors", "Levels", uvute kipembetatu cheupe cha kulia kuelekea kushoto hadi ukuta uwe mweupe kabisa. Unyoya mmoja mmoja wa nywele unabaki umesimama juu ya mandhari mpya, kana kwamba ulipigwa picha hapo.

Kisha ipe leya hiyo maski nyeusi na upake nyeupe kuzunguka nywele tu, ili takataka nyingine za picha ya zamani zisijitokeze. Rudi kwenye maski ya leya ya juu, chukua brashi laini nyeusi, utafune ukingo wa nywele kuelekea ndani mpaka ule mwanga mweupe uishe. Za chini zinajaza pengo. Dakika kumi, na binti aliondoka akicheka.

Nikamfanyia mzee vivyo hivyo, bila kufikiri. Nikachapisha nakala ya majaribio, nikamwita mama. Aliishika akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Huyu ni baba. Lakini mvi zake umezipeleka wapi?"

Nilipovuta kile kipembetatu ili hema liwe jeupe, mvi za pembeni mwa kichwa, ambazo hazikutofautiana sana na hema, nazo zilikuwa nyeupe. "Multiply" ikazila. Mzee wa miaka themanini akatoka kinyozi. Mimi nilikuwa nikilitazama ziwa. Mama hakulitazama ziwa hata kidogo.

Mvi juu ya weupe hazina njia ya mkato. Niliizima ile leya ya "Multiply" sehemu za pembeni mwa kichwa, nikarudi kwenye maski na brashi ya pikseli 3, ugumu 50, nikaufuata ukingo wa nywele kwa mikwaruzo mifupi inayoelekea nje, kama ukingo wa mkeka uliochakaa. Usichore upinde laini: nywele fupi hazina upinde, na kichwa kilichokatwa kwa upinde hufanana na balbu. Halafu nikagusa kile ambacho ningekigusa tangu mwanzo, anga. Anga yangu ya Dunga ilikuwa angavu mno. Mvi zinahitaji kitu cha giza kidogo nyuma yake ndipo zionekane. Nilichagua leya ya ziwa, "Colors", "Curves", nikaushusha mstari katikati kidogo tu. Mvi zikarudi. Nusu saa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbinu, jiulize nywele na ukuta, kipi ni cheusi zaidi na kwa kiasi gani. Nyeusi juu ya nyeupe, "Multiply". Mvi juu ya nyeupe, mkono. Nyeusi juu ya miti ya kijani iliyokolea, mkono pia, na subira. Kilemba au kofia, mshukuru Mungu na utumie kalamu ya njia peke yake.

Najua wapo watakaoniuliza kuhusu zile programu za mtandaoni zinazotoa mandhari kwa kubonyeza mara moja. Nazitumia, kwa picha za vitambulisho vya kazi na za bidhaa. Kwa mtu mwenye kipara au kilemba zinatosha. Lakini hukata sikio lililo kivulini, huunganisha misuko iwe ubao mmoja, na picha ya marehemu wa watu unaipeleka kwenye kompyuta usiyoijua mwenyewe. Na kwa picha za viza ya Marekani usitumie mbinu yoyote kati ya hizi: hawataki picha iliyoguswa kwa programu. Mpige upya mbele ya ukuta mweupe.

Kuwafanya wakae pamoja

Ondoa leya nyekundu. Mzee na ziwa sasa wako kwenye fremu moja, lakini kila mmoja bado yuko siku yake.

Anza na ukungu. Kamera ikilenga uso kwa karibu, kilicho mbali hufifia. Chagua leya ya ziwa, "Filters", "Blur", "Gaussian Blur". Kwa picha ya ukubwa ule niliweka pikseli 12, na mstari wa upeo uliokuwa ukimkata mzee machoni ukawa badiliko laini la rangi. Usizidishe mpaka ziwa lisijulikane ni ziwa, maana mama amelilipia.

Rangi ndiyo inayofuata. Nuru ya kwenye hema ilimpa mzee ubuluu kidogo, ngozi ikawa kama ina majivu. Kwenye leya yake nilifungua "Color Balance", upande wa "Midtones", nikasogeza nyekundu juu kama 5 na manjano kama 8. Ni kidogo, inatosha. Linganisha pia weusi: weusi wa tai na weusi wa mtumbwi ulio mbali. Wa mbali uwe umefifia zaidi kuliko wa karibu, kwa sababu ya unyevu wa hewa ya ziwani. Ukikuta mtumbwi ni mweusi kuliko tai, inua weusi wa mandhari kwa "Levels", kipembetatu cha chini kushoto.

Na jambo hili nalisema kwa sababu naliona kila wiki: mandhari ikiwa angavu na mtu ni mweusi, fundi hukimbilia kumng'arisha mtu. Punguza mandhari. Watu wa Seme wanamjua mzee wao rangi yake.

Mwisho, chengachenga. Picha ya simu iliyopigwa chini ya hema ina chenga ndogondogo, na ziwa lililotiwa ukungu ni laini kama siagi. Tofauti hiyo huonekana ikichapishwa. "Filters", "Noise", "RGB Noise", kiasi kidogo sana, kwenye leya ya ziwa tu. Kuza 100% ulinganishe shavu na anga.

Picha ya mtu mzima hadi viatu inahitaji kivuli chini ya miguu, cheusi na kikali pale soli inapogusa ardhi, kikififia kadiri kinavyoenda mbali. Hiyo ni kazi ya siku yake. Ukiweza, mkate mtu kiunoni.

Jaribio la fotokopi

Vijitabu vingi huku huchapishwa jalada tu kwa rangi, na mara nyingine hata jalada linapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe kwa sababu hela imekwisha. Uso wa kahawia mbele ya kijani kibichi unapendeza kwenye skrini, kumbe vyote viwili vikigeuzwa kijivu ni kijivu kilekile, na marehemu anayeyukia kichakani. Kabla ya kukabidhi, fungua nakala kwa Ctrl+D, "Image", "Flatten Image", kisha "Colors", "Desaturate". Uso ukijitenga na mandhari, endelea. Usipojitenga, rudi kwenye "Curves" ya mandhari.

Karatasi pia hutoka nyeusi kuliko skrini, hasa skrini iliyowashwa kwa mwanga wote. Kwenye nakala ya kuchapisha mimi hufungua "Levels" na kuweka kipembetatu cha kati kwenye 1.10. Ngozi inapumua.

Kwa mchapishaji, "Image", "Print Size", weka 300, kisha "File", "Export As", JPEG yenye ubora wa 95. Mpe kwenye diski ya USB au umtumie kama hati, usije ukaibana tena kwa WhatsApp baada ya jasho lote hilo. Na ile XCF yenye leya zote usiifute. Ipe jina la familia na mwaka.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili. Alitaka picha ileile kwenye vikombe kumi na viwili vya wajukuu, bila ziwa. Nilifungua XCF, nikabonyeza jicho la leya ya ziwa na la ile iliyobaki ya "Multiply", nikamwekea mzee nyuma rangi moja ya maziwa ya chai iliyokolea kidogo kuliko mvi zake, na nikamtolea PNG kabla hajamaliza soda.